Mchwa wa Kizuizi cha Ipuli

Nilipoanza kazi, macho ya serikali yalikuwa haya mawili,
na la kushoto lilishaanza ukungu.
Kizuizi cha Ipuli: kamba, mapipa mawili,
daftari la kaunta, kalamu imefungwa kwa uzi wa gunia
isiibwe na askari mwenzangu.
Niliandika: lori la tumbaku kutoka Urambo, saa tano.
Pikapu ya asali ya Sikonge, saa sita kasoro.
Mvua ikinyesha, hakuna gari lililopita.
Yaliyopita si ndwele, nilisema nikifunga daftari,
nikimaanisha magari.

Daftari likijaa tulilipeleka stoo ya nyuma,
na huko mwenye mamlaka alikuwa mchwa.
Hakuwa na cheo wala barua ya uteuzi,
lakini kila masika alipitia majalada,
akaanza na mgongo wa kitabu, akamalizia na namba.
Tulimlaani. Tulimmwagia oili chafu.
Sikujua kwamba yule ndiye aliyekuwa akiusamehe mji.

Sasa kuna nguzo, na juu ya nguzo kuna jicho.
Halipigi chafya, haliombi maji,
halipunguzi mwendo mvua ikinyesha.
Nilimuuliza Mihambo, kijana wa mitambo:
hizi namba zinakaa muda gani?
Akatazama dari kama aliyeulizwa umri wa mbingu.
"Bado hazijajaa, afande."
Sikuuliza kama zimejaa. Nimeuliza zinaondoka lini.
Akacheka, akanimiminia karanga kiganjani.

Kisha akaja Nyanzala, mjane wa Ngassa fundi redio.
Hakuja kushtaki. Aliketi ukingoni mwa benchi,
viatu amevishika mkononi, vimejaa tope la Isevya.
"Nasikia mna kitu kinachokumbuka," alisema.
"Mume wangu amekufa, gari limeuzwa,
Alhamisi zake zimebaki.
Niambie alikuwa anakwenda wapi."

Nilitafuta karatasi ya kunikataza.
Sikuiona, na hapo ndipo mikono iliponilegea.
Nikabonyeza namba ya gari la marehemu, herufi kwa herufi,
likaja lote, mwaka mzima na ushee,
Alhamisi arobaini na moja:
saa kumi na dakika chache, kuelekea Nzega;
saa mbili usiku, kurudi.
Picha moja ina mtu pembeni yake,
kitenge cha njano, uso umefutwa na mwanga wa taa.
Basi. Si jina, si sababu.
Huenda ni dada. Huenda ni mgonjwa wa kupelekwa kliniki.
Huenda ndilo jibu analolijua tayari.
Jicho limeona kila kitu na halijui lolote,
na mimi, mlinzi wa mlango wake, najua zaidi ya ninavyostahili.

Na katikati ya Alhamisi mbili,
sikuwa nimeitafuta, ilijitokeza tu,
pikipiki yangu.
Saa saba usiku, njia ya Kitete,
usiku niliomwambia mama watoto niko zamu.
Sitaieleza hapa. Ilikuwa yangu,
nilidhani imeshaliwa.

"Mashine haikumbuki, mama," nilisema.
Nyanzala alinitazama muda wa kutosha kunisoma namba.
"Unaongopa kwa upole," akasema,
akavaa viatu vyake vya tope, akaenda.
Hata sasa sijui kama nilimlinda yeye,
au marehemu, au mwenye kitenge, au mimi.

Siku hizi yaliyopita hayapiti.
Yanakaa mahali penye baridi, yamepangwa kwa tarehe,
yakimngoja yeyote mwenye funguo na kinyongo;
leo ni mimi, na mimi nastaafu mwezi wa sita.

Jana, chini ya nguzo, niliona udongo mwekundu
umeanza kupanda, umefika urefu wa kidole.
Kuruta aliinua buti aubomoe.
Nikamwambia aache.
Najua nguzo ni ya chuma.
Aache tu.